Fundi Kabari na Mitutu Miwili Inayopiga Pamoja

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu wa Juni, Fundi Kabari atavua aproni yake ya ngozi baada ya kuitumikia karakana yetu ya bunduki za uwindaji kwa miaka thelathini na minne. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, muuza risasi wa kaunta ya mbele, niandike wasifu wake katika kijarida hiki. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, ingawa nina wasiwasi kidogo. Nimekaa jirani na benchi lake muda mrefu, na hadi leo sijazoea kumwona akifanya kazi.

Aliingia hapa kama mpiga msasa, kijana mwembamba aliyepewa vitako vya bunduki vya mbao avilainishe mpaka viteleze mkononi. Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye bati linalovuja, jiriwa mbili zilizopigwa kutu, na fundi mkuu ambaye sifa yake kubwa kwa mtu ilikuwa kunyamaza. Kijana alisaga, akapaka mafuta, na macho yake yakawa hayabanduki kwenye benchi la fundi huyo. Siku fundi mkuu alipougua mgongo, kijana ndiye aliyekabidhiwa bunduki za mitutu miwili. Fundi mkuu aliporudi, aliikagua kazi, akanyamaza. Tangu hapo hakuna aliyemrudisha kwenye msasa.

Kwa ajili ya wenzetu wa uhasibu na stoo, ambao huzipita bunduki hizi mbio kama mtu anayepita kwa mbwa asiyemfahamu, naomba nieleze kidogo. Bunduki ya mitutu miwili ni bunduki mbili zilizolala kitanda kimoja. Kila mtutu una kifyatulio chake na nyundo yake ya ndani. Mmoja ukigoma, wa pili hauna habari. Mwindaji aliyekutana uso kwa uso na nyati hahitaji kuvuta komeo wala kusukuma kitu. Anahamisha kidole tu, na risasi ya pili imekwenda.

Ila mitutu hiyo haipatani yenyewe. Ukiifunga pamoja hivi hivi, mmoja unapeleka risasi huku na mwingine kule, na mwenye bunduki anabaki katikati na mnyama wake. Hapo ndipo fundi anapoingiza kabari nyembamba ya chuma kati ya midomo ya mitutu, anayeyusha lehemu, anaisogeza kabari kiasi ambacho jicho langu halijawahi kukiona, anasubiri ipoe, anakwenda kupiga shabaha, anarudi, anaanza upya. Mafundi wengine hufanya hivyo mpaka wakonde. Fundi wetu huyatazama matundu mawili kwenye karatasi, hugusa kabari kwa dole gumba, huinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili, kisha huenda kupiga tena, na matundu yanakuwa yamegusana. Tulikuwa tunaacha kazi zetu kwenda kutazama. Hata mkurugenzi alikuwa akipitapita uwanja wa shabaha na faili kwapani, akijifanya ana safari ya kwenda mahali. Jina la Kabari lilizaliwa pale, na limeshika kiasi kwamba wajukuu zake nao humwita Babu Kabari.

Wateja wapya huja na swali moja: ipi ni kubwa kuliko zote? Fundi huwawekea kiti. "Bunduki tutaizungumza baadaye," huwaambia. "Kwanza niambie unamfuata mnyama gani, na risasi zake utazipata wapi mwakani." Maana bunduki hizi zikishalinganishwa kwa risasi ya aina moja, ukizilisha nyingine zinaanza kukosana upya. Kwa hiyo risasi huchaguliwa kwanza, bunduki hufuata. Namkumbuka mfanyabiashara mmoja wa mbao, mtu wa kifua kipana na kicheko kipana zaidi, aliyeng'ang'ania ile yenye mdomo kama kikombe cha chai. Fundi hakubishana naye. Alimpeleka uwanjani, akamwambia aukaze mguu wa nyuma vizuri. Mlio ulipotulia, kofia ya bwana yule ilikuwa nyuma yake, miwani ilikuwa kidevuni, na yeye mwenyewe alikuwa amekaa juu ya nyasi akitabasamu kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Fundi," alisema, "naomba ile ndogo yake." Amekuwa rafiki wa karakana tangu siku ile, na kofia anaivaa mpaka leo.

Lakini kama kuna jambo moja linalonifanya niandike wasifu huu kwa unyenyekevu, ni la kitinda mimba wake.

Binti huyu alikulia porini zaidi kuliko mjini. Alianza kama mpishi msaidizi wa kambi, akajifunza kusoma nyayo, akafaulu mitihani, akapata leseni ya kuongoza wawindaji. Mama yake nyumbani alisema yote aliyoweza kusema, na hayakusaidia. Asubuhi moja tukamwona anaingia dukani kwa mlango wa wateja, wala si ule wa uani ambao watoto wa wafanyakazi wameuzoea.

"Baba, shikamoo. Leo nimekuja kama mteja," alisema.

Fundi aliitikia salamu, akaweka tupa chini taratibu. Ni yeye aliyepokea, kwa miaka yote hiyo, bunduki zilizorudishwa na ndugu wa watu wasiorudi. Aliwahi kunyoosha mtutu uliopindwa na tembo. Anajua kinachotokea kule kuliko sisi tunaouza boksi za risasi na kusema karibu tena. Alitoka nje. Nilimwona kupitia dirishani akinawa mikono bombani, mikono ambayo ilikuwa safi, akainawa tena. Nilidhani atarudi na neno la kumkataza.

Alirudi na taulo. "Haya, mama," alimwambia bintiye. "Tuone hilo bega."

Nilibeba bunduki tatu kwenda uwanjani. Ya kwanza ilikuwa ile waongozaji wengi wanayojivunia, tunayoiita mia tano kwa upana wa tundu la mtutu wake. Binti aliipiga sawasawa, katikati ya shabaha, lakini mitutu ikaruka juu na risasi ya pili ikachelewa. Mimi nilipiga makofi. Fundi hakupiga. Ndipo nilipogundua kwamba muda wote hakuwa akitazama shabaha. Alikuwa amesimama pembeni akitazama kope za mtoto wake. "Umefumba macho kabla ya kufyatua," alisema. Ya pili, mia nne sabini, ilikuwa afadhali, ila kope zilicheza. Kisha akampa ya tatu, mia nne, bunduki ya zamani iliyochubuka, ambayo ilikuwa imekaa kabatini bila mteja kwa sababu watu waliiona ndogo. Milio miwili ilitoka kama neno moja lenye silabi mbili. Kope hazikutikisika.

"Ndiyo hii," alisema Fundi.

"Baba, wenzangu watanicheka. Wote wanabeba kubwa."

"Wacheke. Utakayempiga hatauliza namba iliyoandikwa kwenye mtutu."

Binti aliigeuza bunduki mikononi, akaipima uzito, akauliza swali alilokuja nalo tangu nyumbani. "Lakini inatosha?"

Fundi alikuwa ameanza kumpima bega kwa shubiri. "Kwa nyati inatosha. Kwa tembo inatosha, ukiiweka mahali pake. Kwa baba yako, mama, hakuna bunduki inayotosha."

Akaanza kazi. Alikifupisha kitako, akakichonga upande wa shavu mpaka macho ya binti yakaangukia alama ya kulengea bila kutafuta. Aliniagiza risasi za aina moja, laini na ngumu zenye uzito sawa, kutoka kwa mtengenezaji ninayeweza kumpata kila mwaka, kisha akaitenganisha mitutu na kuilinganisha upya kwa risasi hizo hizo. Safari hii matundu mawili yaliyogusana hayakumridhisha. Alirudi kwenye lehemu mara kwa mara, hasemi na mtu, hata chai ikawa inapoa pembeni yake. Alipomaliza, karatasi ilikuwa na tundu moja lenye umbo la yai. Na kabla binti hajaondoka, alichukua boksi zote, akaingiza risasi moja moja katika kila mtutu kuona kama inaingia na kutoka bila kukwama. Mbili zilimkwaza kidogo, akazitupa pembeni. Nilisimama pale na funguo za duka mkononi, nimesahau kufunga.

Msimu uliofuata, yaliyotokea alitusimulia msoma nyayo wa kambi ya binti, mtu mzima mwenye mvi, akiwa ameegemea kaunta yangu. Mgeni mmoja wa uwindaji alikuwa amempiga nyati vibaya, mnyama akaingia kwenye nyasi ndefu na jeraha lake. Kumwacha haiwezekani, mnyama anateseka, na kesho mchota maji akipita pale ndiye atakayelipa. Binti alimwacha mgeni kwenye gari, akaingia yeye na msoma nyayo.

"Tulikuwa tunafuata damu mbele," alisema msoma nyayo, "kumbe mwenyewe amezunguka, anatungoja ubavuni. Nilisikia nyasi zinapasuka, nikageuka, nikaona pembe tu. Nikasema basi, nimekwisha. Dada akanipita, akasimama kati yangu na yule mnyama. Nilisikia mlio mmoja. Yeye anaapa ilikuwa miwili."

Ilikuwa miwili. Risasi ya kwanza, ile laini inayofumuka, iliingia kifuani, na nyati akaendelea kuja kana kwamba ameguswa na jani. Ya pili, ile ngumu, iliingia chini ya pembe alipoinamisha kichwa ili amzoe kwa pembe. Aliangukia mahali ambapo vumbi lake lilifunika viatu vya binti. Msoma nyayo alituonyesha umbali huo kwa mikono, hapo hapo kaunta, na mikono haikufunguka sana. Akaongeza, "Nina watoto wanne, ndugu yangu. Mwambie yule mzee wanampa shikamoo."

Binti aliileta bunduki mwenyewe. Aliilaza juu ya benchi. "Baba, niangalizie."

Fundi aliikunjua, akaielekeza dirishani, akachungulia mtutu wa kulia, kisha wa kushoto. Akapitisha dole gumba juu ya kabari. "Ulifumba macho?"

"Hapana, Baba. Nilimwona mpaka mwisho."

Aliitikia kwa kichwa, akachukua kitambaa, akaanza kufuta. Alifuta mahali palipokuwa tayari panang'aa. Kisha akaketi sakafuni kati ya chembe za chuma na maranda ya mbao, na binti akaketi karibu yake na kumwegemea. Karakana nzima ilizima mashine zake bila mtu kuamuru.

Huyo ndiye mtu tunayemuaga. Ametuachia mafundi watano aliowafundisha, wawili kati yao wakiwa wanawake, na karakana ambayo hakuna aliyepoteza hata kidole ndani yake tangu alipopewa usimamizi. Askari wa wanyamapori wanaolinda mashamba wanazo bunduki zilizopita mkononi mwake, na wapo wakulima wanaolala usingizi bila kumjua. Mapungufu pia anayo: huimba akipiga tupa, na haimbi vizuri.

Wengi wenu hamjui jambo hili, nami nimelijua mwaka huu tu: Fundi Kabari hajawahi kumwona nyati aliye hai. Maisha yake yote ya kazi yamepita mbele ya dirisha linalotazama yadi ya malori. Mwezi ujao binti yake anawachukua, yeye na mama, kwenda kambini kwake. Hawaendi kuwinda. Juzi alikuja kaunta akaniuliza, kwa haya ambayo sikuwahi kuiona kwake, kama ninaweza kumwazima darubini, na kama watu huruhusiwa kwenda kule kutazama tu.

Wanaruhusiwa, Fundi. Darubini nimekwisha kuifuta vioo, na si ya kuazima, ni yako. Tunakushukuru kwa kazi ya mikono yako na kwa wote waliorudi nyumbani kwa sababu yake. Nenda ukae upande ambao upepo hautampelekea nyati harufu yako, mkono wa mama watoto ukiwa mkononi mwako, utazame mpaka macho yashibe. Mungu akupe afya na siku nyingi za namna hiyo.