Maisha ya Bwana Ukutani, Mvuta Mtandao Hadi Uani

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi wateja mliokuja wengi kuliko viti tulivyoazima, familia imenituma mimi, mdogo wake anayemfuata, niwasomee maisha ya kaka yetu, na imenionya nisimpambe, kwa sababu mwenyewe asingevumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu kati ya sita wa seremala na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, na sekondari hadi 1986, ambako mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba ana akili ila ananung'unika, maneno ambayo hakuna aliyeyapinga mpaka leo. Mwaka 1988 aliingia chuo cha ufundi simu, akahitimu 1990, akaajiriwa na kampuni ya simu, akapanda nguzo miaka kumi na tisa mpaka alipopunguzwa kazini. Tarehe 12 Desemba 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu, mshonaji, wakajaliwa binti mwaka 1996, na wavulana wawili, 1999 na 2004.

Tarehe 3 Februari 2011 alifungua kampuni yake ndogo ya mtandao, katika chumba kilichopakana na mashine ya kusaga, akiwa na ngazi mbili, mafundi watatu, na mkataba alioutunga mwenyewe, uliosema huduma inaishia kwenye ukuta wa nyumba kuu, na kwamba mabanda, stoo na vyumba vya uani ni juu ya mteja. Hapo ndipo alipopata jina la Bwana Ukutani, na hapo ndipo amani ilipomtoka. Huyu alitaka mtandao uvuke ua ufike karakana, yule aliwagawia wapangaji wanne laini ya nyumba moja kisha akalalamika kwamba inajikokota, na mfugaji mmoja, yuko hapa, asijifiche, alitaka kamera kwenye banda la kuku, akafunga waya juu ya kamba ya nguo, akawa anapiga simu kila siku ya kufua. Kaka alirudi nyumbani sauti imemkauka. "Ukuta ni ukuta," alikuwa akisema, "kwani hawa watu hawajui kusoma?"

Hakuwa mkaidi wa bure, aliogopa radi, kwa sababu waya wa shaba ukivutwa kutoka jengo hadi jengo huweza kuiingiza ndani, na dawa yake ni faiba, waya wa nyuzi za kioo, ambayo haipitishi umeme, lakini faiba hutaka mtaro, na mtaro hutaka watu.

Machi 2018 mwalimu mstaafu alimwomba afikishe mtandao chumba cha uani, akajibiwa kama wengine, naye kwa hasira akavuta waya wa shaba mwenyewe, ndani ya mpira wa kumwagilia bustani. Alasiri ya tarehe 11 Aprili radi ilipiga, ikaunguza ruta na kompyuta, na kaka akaenda na mkataba mkononi, amejiandaa kusema si nilikwambia. Mle chumbani uani alimkuta binti wa mwalimu, kwenye kiti cha magurudumu, ambaye nyumba kuu ilimshinda kwa ngazi zake, na ambaye alikuwa amepata kazi yake ya kwanza, kupokea simu za wateja wa kampuni nyingine kwa njia ya mtandao, na sasa amepewa siku nne tu awe amerudi hewani. Binti aliomba mkataba, akausoma taratibu, akamuuliza kaka, "Baba, hapa kuna nyumba kuu, halafu kuna mabanda na stoo. Mimi niko wapi?"

Shemeji anasema kaka alirudi siku hiyo bila kunung'unika, akadhani anaumwa. Kesho yake alichukua sururu, yeye na mwalimu wakachimba mita arobaini na mbili za udongo mgumu kwa siku mbili, wakigombana njia nzima, na siku ya tatu faiba ikawaka, binti hakuipoteza kazi. Kisha akaandika mkataba upya, kwamba popote anapoishi au kufanya kazi mtu, mteja achimbe mtaro na kampuni ilete faiba. Mfugaji akaja mbio. "Na kuku wangu je, hawaishi?" Kaka alifoka, jirani wa mashine akatoka nje kuamulia ugomvi, na wiki iliyofuata kaka akampelekea mfugaji faiba vilevile.

Agosti 2021 aligundulika ana ugonjwa wa figo, tukamsihi apumzike, akawa anakubali kwa mdomo huku miguu inatafuta viatu, na mara mbili alikosa siku ya kusafishwa damu kwa ajili ya laini za watu, jambo lililotukasirisha, na hasira hiyo, niseme ukweli, haijatutoka. Tarehe 28 Mei 2023 alilazwa, na Jumanne tarehe 6 Juni, saa nne asubuhi, alifariki, mkewe amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliovumilia maoni yake juu ya nyaya za wodi, majirani waliolala kwetu siku zote hizi, binti wa mwalimu, aliyepokea simu za kampuni ya kaka wiki nzima bila kuombwa, na mafundi wake watatu, walioingia hapa na buti zenye udongo wa mtaro, kwa kuwa kuna mtu alikuwa anasubiri laini.

Pumzika, kaka yetu, na walau mara hii moja, pumzika kweli.