Samli Niliyoinywa kwa Siri ya Sindano

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu mliokusanyika, naomba mnivumilie, kwa maana jambo ninalolisema leo nimelificha muda mrefu.

Nikiwa chuo cha ualimu niliugua matubwitubwi. Uvimbe wa mashavuni ulipona, lakini ugonjwa ulikuwa umeshuka na kuharibu sehemu za uzazi. Niliporudi hapa Morotonga kufundisha, sikuwa na nguvu. Katika shamba la kijiji nilipumzika mara nyingi kuliko bibi zetu, na vijana wenzangu wakanitania kwamba ujamaa wangu uko mdomoni tu. Nilicheka nao, huku nikiona haya.

Daktari wa hospitali ya misheni alinipima, akasema mwili wangu hautengenezi tena homoni ya kiume ya kutosha. Akaanza kunichoma sindano kila baada ya wiki tatu. Nguvu zilirudi, ndevu zikaota, nikapata mchumba.

Hapo ndipo nilipokosea. Dawa ile huja ikiwa imechanganywa na mafuta. Mama yangu, ambaye peke yake alijua siri hiyo, aliposikia hivyo alisema, "Dawa ya mafuta hulishwa mafuta, baba." Akawa ananipa kikombe cha samli asubuhi na jioni. Mimi, mwalimu wa lishe bora katika darasa la watu wazima, nikanywa. Penye nyama ya kuchoma wazee walinikatia nundu ya ng'ombe, iliyojaa mafuta, nami nikala yote, kwa kuwa kwetu mwanaume anayekataa nundu huulizwa sababu.

Baada ya mwaka mmoja daktari alipeleka damu yangu Mwanza. Majibu yaliporudi aliyasoma mara mbili kabla ya kufungua kinywa. Mafuta ya damu, yaitwayo kolesteroli, yalikuwa yamepanda mno, nayo huweza kuziba mishipa ya moyo. Sindano zenyewe zaweza kuyavuruga, alisema, ndiyo maana ni lazima kupima. Akauliza ninakula nini. Ndugu zangu, nilimwambia maharage na mchicha.

Nikatoka pale nimeamini kwamba sindano itaniua, na bila sindano si mwanaume. Niliacha kwenda hospitali, samli nikaendelea nayo ili mama asishtuke. Nguvu zikaisha tena. Kila kichomi cha kifuani nilidhani ndicho cha mwisho. Wanafunzi wakinakili ubaoni, mimi nilikuwa nimejishika mkono nikisikiliza mapigo. Mchumba wangu nikamkwepa.

Siku moja alikuja shuleni. Hakuketi. "Kama hunitaki, sema," aliniambia. "Kama unaumwa, sema hilo."

Nikasema lote. Akaniuliza hospitali hufunguliwa saa ngapi.

Tulikwenda watatu, pamoja na mama. Daktari aliposikia habari ya kikombe, akanigeukia. "Mwalimu, nani alikuambia sindano inakula samli?"

"Ni mimi," mama alijibu kabla yangu. "Yeye aliona haya kunikatalia."

Daktari hakucheka. "Usiache dawa bila kuniambia, wala usinifiche unachokula. Ukinidanganya, ninamtibu mtu mwingine."

Akanirudishia sindano kwa kipimo kidogo zaidi, akanikataza samli na nyama yenye mafuta, akaniagiza nitembee kwa miguu na kupima damu kwa wakati. Kipimo cha damu kilichofuata kilionyesha kolesteroli imeshuka, ingawa haijafika anapopataka.

Namshukuru daktari yule. Namshukuru mama, aliyekubali kosa mbele ya mgeni, na mchumba wangu, aliyeuliza swali nililolikimbia. Nanyi wenzangu, nawasihi: anayekutibu mwambie kweli yote, hata ile inayokuvunjia heshima, kwa maana nilikaribia kufa kwa ajili ya kulinda heshima.

Jumanne natoa damu tena, na majibu siyajui. Ninaogopa, nawaambia wazi. Lakini safari hii wapo watu wanaojua ninakokwenda.