Nani Atamwogesha Mzee Luka

Pale Kizota, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, kulikuwa na benchi refu lililoegemea ukuta, na mbele yake jiko la mkaa lenye birika la Mustapha muuza kahawa. Kila Jumapili alasiri wafuga njiwa walikutana hapo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimeachiwa huru, sabuni za kila rangi zimejaa madukani na kila mtu ana la kusema juu ya kila jambo, lakini kwenye benchi lile habari ya kwanza ilikuwa njiwa: nani kaangua, nani kapotelewa, kicheche kaingia banda la nani. Habari ya pili ilikuwa maisha. Mtu akishindwa jambo nyumbani kwake alilileta hapo, maana, kama alivyosema Sila, anayeweza kumrudisha njiwa aliyehama hashindwi kumrudisha mke aliyenuna.

Sila huyo walimwita Redio kwa sababu hazimiki. Optatus, tarishi wa ofisi moja ya serikali, alikuwa Waziri. Anyitike, aliyehamia Dodoma kutoka Tukuyu na kuwatibu njiwa wote wa mtaa kwa kitunguu saumu, alikuwa Dokta. Na Yoramu, fundi wa kuchomelea mageti, walimwita Kufuli, kwa kuwa angeweza kumaliza vikombe vitatu bila kutoa neno. Kwa hiyo Jumapili hiyo alipoweka kikombe chini na kusema, “Jamani, naomba ushauri,” hata Mustapha aliacha kupepea mkaa.

— Kufuli kafunguka! — alisema Redio. — Sema, bwana. Njiwa gani?

— Si njiwa. Ni mkwe wangu.

Akawaeleza. Mzee Luka, baba yake mkewe, alikuwa amepasuliwa jicho moja katika hospitali ya misheni. Lile la pili lilikuwa halioni na lilisubiri zamu yake. Jicho lililopasuliwa limefungwa bandeji, na daktari kakataza mambo mawili: asiiname, na maji yasiguse uso. Mke wa Yoramu, Loisi, alikuwa Mtera kwa dada yake aliyejifungua, na wana wa kiume wa mzee wako mbali machimboni. Nyumbani walibaki wawili tu, mkwe na mkwe.

— Sasa shida nini? — aliuliza Dokta.

— Kuoga.

Benchi zima likasema, “Ahaa.” Kwa Wagogo, kama alivyolelewa Yoramu, baba wa mkeo humpiti karibu ukamgusa bega, seuze kumvua shati. Mzee naye alikuwa wa kale kuliko kale yenyewe. Tangu atoke hospitali hakuwa ameoga. Alikuwa ameanza kukaa kona ya mbali ya chumba, chakula anarudisha nusu, na asubuhi ile alikuwa amesema kwa sauti ndogo, “Kesho nitafutie lori, nirudi kijijini. Siku hizi nanuka.”

— Na akipanda lori na vumbi la barabara ile, jicho limekwenda — Yoramu alisema. — Nimejaribu kumwambia. Kanijibu, “Wewe ni mkwe wangu, usinitie aibu.” Mnisaidie, jamani. Sijui nifanye nini.

Akasukuma kikombe chake mbali. Wenzake waliona, na kama ilivyo kwa watu wanaopendana, wakaanza kusema wote kwa pamoja.

— Mficha uchi hazai! — Waziri alitangulia. — Mwambie hivyo.

— Ameshazaa, Waziri. Mke wangu umemsahau?

— Basi mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Kipofu umpe jembe alime nini?

— Mimi natoa msingi tu. Sasa naingia kwenye utekelezaji. Ofisini jambo zito kama hili lina protokali. Unatundika shuka katikati ya bafu, unalitoboa matundu mawili, unapitisha mikono. Mikono inaogesha, wewe hupo. Officially, hupo.

— Na mikono ni ya nani? — aliuliza Dokta.

— Ya shuka.

Dokta akatikisa kichwa kwa huruma.

— Waziri, wewe ni mtu wa karatasi. Tujifunze kwa njiwa. Njiwa nani anamwogesha? Unamwekea sufuria pana, anaingia mwenyewe, anapigapiga mabawa, ametakata. Mtafutie mzee karai kubwa, lile la kuchanganyia zege.

— Akipigapiga mabawa, si maji yatamrukia usoni?

— Hapo... — Dokta alifikiri. — Hapo tunamvika mfuko wa nailoni kichwani.

— Mnamuua mzee wa watu! — alisema Redio. — Nisikilizeni mimi. Mzee haoni, sivyo? Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini yeye haoni. Kufuli, wewe badilisha sauti. Gonga mlango, sema, “Hodi, mimi ni nesi, nimetumwa kukuogesha.” Unaingia unamsugua, unatoka. Baadaye unaingia na sauti yako: “Shikamoo baba, naona umetakata!”

— Ataijua sauti yangu.

— Ndiyo maana nasema ubadilishe. Hebu jaribu.

Yoramu, kwa jinsi alivyokuwa amekata tamaa, akajaribu. Ilitoka sauti ya mbuzi aliyekabwa na kamba. Mustapha alicheka hadi akamwaga kahawa juu ya mkaa, moshi ukafuka.

— Hapana — alisema Waziri akijifuta machozi. — Lipo bomba. Lile la mgongoni la kunyunyizia dawa ya kuua wadudu. Mzee anasimama ndani ya ua, Kufuli unasimama nje, unapampu. Maji yanapanda juu ya ua kama mvua, yanamshukia mabegani. Aisifuye mvua imemnyea!

— Na sabuni?

— Unaikoroga humohumo.

Yoramu aliinamia kikombe. Alikuwa amecheka nao, na kucheka kulimfaa. Lakini lori la kesho halikuwa mzaha.

Wakati huo alifika mwanamke amebeba kikapu kilichofunikwa kanga. Aliitwa Restuta, mpiga chapa, ndiyo kwanza ahamie mtaa ule. Alikuwa amenunua jozi ya njiwa sokoni na kuelekezwa pale kwa ushauri.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, karibu. Kaa hapo kidogo, mama, tuna kesi.

Redio akamsimulia yote kwa pumzi moja, mzee, jicho, bandeji, shuka, karai, nesi na bomba. Restuta alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza:

— Na huyo mzee, sasa hivi yuko na nani?

Dokta alimtazama Waziri. Waziri akamtazama Redio, na Redio, kwa mara ya kwanza tangu apewe jina hilo, akazimika.

— Nilimwacha amelala — alisema Yoramu, akasimama. — Nilisema natoka mara moja...

Hakumaliza. Alikuwa ameshaanza kukimbia, na wenzake nyuma yake, Restuta na kikapu chake, Mustapha kaacha birika likichemka peke yake.

Kitanda kilikuwa kitupu. Fimbo haipo. Yoramu aliita, “Baba! Baba!” mpaka aliposikia ndoo ikigonga saruji huko uani. Mzee Luka alikuwa amepapasa ukuta hadi kwenye bafu la mabati. Walimkuta amesimama amejishika kwenye bati, suruali imelowa, ndoo imelala chini na maji yote yanakimbilia mfereji. Mkono mmoja ulikuwa ukitafuta ndoo chini. Mgongo ulikuwa umeanza kupinda.

— Usiiname, baba! Simama hivyohivyo!

Mzee alisimama wima.

— Nilitaka kujimwagia kidogo tu — alisema. — Mtu hawezi kupanda lori la watu hivi. Nani hao nasikia?

Ni Redio aliyesogea.

— Mbukwenyi, mzee — alimsalimu kwa Kigogo.

— Mbukwa. Wewe ni nani kwangu?

— Mimi? Si yeyote.

— Hukuoa kwangu?

— Sikuoa kwako.

— Wala ukoo wangu?

— Wala ukoo wako. Mimi nafuga njiwa tu na mkweo. Hawa wenzangu pia. Huyu mmoja katokea Tukuyu, hata jina la babu yako halijui.

Mzee Luka aligeuza uso wake uliofungwa, kama anayewapima kwa masikio. Kisha akashusha pumzi ndefu.

— Hamnihusu kabisa?

— Kabisa, mzee.

— Afadhali — alisema, akaanza kufungua kifungo cha shati. — Yoramu, toka nje.

Yoramu alitoka. Restuta alikuwa ameshajaza ndoo nyingine bombani. Akaipokea Dokta mlangoni, Waziri akakunja mikono ya shati lake la ofisini. Yoramu alikaa juu ya tofali nje ya bati, akasikia maji yakimwagika polepole kuanzia mabegani, Redio akisimulia kesi ya kicheche, Waziri akiomba ruhusa ya kusugua mgongo, “kwa idhini yako, mzee,” na baadaye sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu mkwe wake aje mjini. Mzee Luka alikuwa anacheka. Yoramu alijifuta uso kwa kiganja, na Restuta akageukia njiwa wake ili asimwone.

Walipotoka, Yoramu aliwashika mikono mmoja mmoja.

— Sijui niwashukuru vipi.

— Tuletee taulo kavu — alisema Dokta. — Kesho nani zamu?

Lori halikutafutwa. Walimwogesha kwa zamu mpaka siku ya kurudi hospitali, na Loisi aliporudi kutoka Mtera alikuta baba yake ananukia sabuni ya waridi na kujua majina ya njiwa wote wa Kizota.

Bandeji ilipotolewa, mzee alisema kabla ya kurudi kijijini apelekwe kwanza kwenye benchi. Alifika anatembea mwenyewe, mkono juu ya paji la uso kuzuia mwanga. Aliwatazama kwa zamu: Redio na pengo lake la meno, Waziri na tai yake fupi, Dokta na masikio yake.

— Ninyi ndio?

— Ndio sisi, mzee.

— Namshukuru Mungu sikuwa naona — alisema Mzee Luka. — Kwa nyuso hizi nisingevua hata kofia.

Kicheko kiliwafukuza njiwa juu ya paa la duka. Mustapha alimimina kahawa mpaka birika likakauka, na hakutaka malipo. Mzee alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akaendelea kutazama huku na huku hadi alipomwona mtu aliyekaa mwisho kabisa wa benchi, mbali, kwa heshima. Loisi alipoolewa, macho ya mzee yalikuwa yameshaacha kuona.

— Ndiye wewe, Yoramu?

— Ndiye mimi, baba.

— Mbona umekaa huko? — alisema mzee. — Sogea nikuone.