Mzee Otema na Gari Ambalo Hakulipitisha

Ijumaa, tarehe 28 Juni 2019, Mzee Otema Olanya atavua ovaroli lake la bluu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwa mkaguzi wa magari wa Ziwani Traders. Katika miaka hiyo amekagua magari zaidi ya elfu mbili, mengi yakiwa madogo ya abiria, aina ya saluni, ya kampuni na ya wafanyakazi wanaonunua kwa mpango wa kampuni. Karibu nusu aliyakataa. Celestine, mhariri wa jarida hili, ameniomba niandike kwa uchangamfu kwa sababu siku ya sherehe si siku ya kununa. Nitajitahidi. Ila kuna jambo ambalo kila mtu humu hulinong'ona, kwamba Otema ndiye aliyelipitisha gari la Florence. Mzee anastaafu na doa hilo, na doa si lake. Nitalieleza nikifika mahali pake.

Otema ni mtoto wa konstebo. Alizaliwa Kitgum, akakulia kambi ya polisi ya Naguru, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya amri na ya mchezo pia. Aliajiriwa Mei 1988, vita vimekwisha miaka miwili tu nyuma, na magari ya kuuzwa Kampala yalikuwa machache na yenye historia. La kwanza aliloletewa lilikuwa saluni nyeupe, inanukia rangi mpya, na mkurugenzi alikuwa amekwisha kuipenda. Otema alitoa sumaku aliyoichomoa kwenye spika ya redio mbovu, akaipitisha mlangoni taratibu. Ilidondoka mara saba. Matundu saba yalikuwa yamezibwa kwa puti isiyoshika sumaku na kupakwa rangi. Muuzaji alisema ni kutu. Kutu hiyo ilikuwa imetoboa mlango kwa mstari ulionyooka na kuendelea hadi kwenye kiti.

Tangu hapo ameshuhudia ujinga wa kila aina, na mimi, niliyekuwa msaidizi wake, nimeushuhudia naye. Mnunuzi wa mji huu, mwenye shahada na miwani, akifika yadi ya magari hupiga tairi teke. Hakuna anayejua teke lile linatafuta nini. Kisha huwasha redio, hunusa viti, husoma kilomita kwenye dashibodi na kuziamini, ingawa kijana yeyote mwenye kompyuta ndogo huzipunguza kabla chai haijapoa. Mwisho huuliza gari lilikuwa la nani. Kasim, muuzaji ambaye Otema alipambana naye miaka ishirini, alikuwa na jibu moja tu kwa magari yote: "Ssebo, bwana wangu, hii ilikuwa ya bibi muzungu. Alikuwa anaenda nayo kanisa tu, Sande kwa Sande." Kwa maneno ya Kasim, Kampala nzima imejaa mabibi wa Kizungu wacha Mungu wanaoendesha polepole. Sijawahi kumwona hata mmoja, na wateja wake hawakuwahi kuuliza walipo.

Otema hakuuliza gari lilikuwa la nani. Alifika kwa muuzaji saa kumi na mbili asubuhi bila taarifa, akaweka kiganja kwenye boneti. Ikiwa na joto, aliondoka bila kuaga. Muuzaji anayewasha injini mapema anaficha namna inavyokohoa ikiwa baridi, na kwa Otema hilo lilitosha. Boneti ikiwa baridi, alifungua kifuniko cha oili na kutazama chini yake kama kuna utando mweupe mfano wa uji, dalili kwamba maji yameingia kwenye injini. Alitazama moshi wa kwanza. Alitandika boksi kavu chini ya gari, likae hapo wakati yeye anakunywa chai, kisha alilisoma boksi lile, matone ya oili na ya maji, kwa makini kuliko wengi wenu mnavyosoma jarida hili. Barabarani alikaa kiti cha nyuma, maana huko, alisema, giaboksi haiwezi kukudanganya.

Na alivuta mikanda. Hili ndilo nililojifunza la maana kuliko yote. Gari lililozama kwenye mafuriko huoshwa zulia, hubadilishwa viti, hupuliziwa manukato. Lakini mkanda wa kiti unapojikunja ndani ya nguzo ya mlango, ile mita ya mwisho hakuna anayekumbuka kuiosha. Otema aliuvuta mpaka ukagoma, na kama mwishoni kuna tope lililokauka, alijua maji yalifika wapi.

Sasa nije kwenye soda. Wageni hawataamini, lakini kwetu mfanyakazi akipata gari huleta kreti mbili za soda ofisini, na huzileta siku gari linapofika, yaani kabla ya ukaguzi. Sote tunakunywa, tunapiga picha tumeegemea boneti, na picha zinafika Gulu na Bungoma kabla ya saa sita. Baada ya hapo hakuna aliyekunywa anayeweza kulisema vibaya gari lile. Ataitwa mwenye wivu. Ni desturi ya watu wazima wenye akili, nami nimeinywea chupa nyingi. Otema hakunywa hata moja katika miaka thelathini na mmoja. Walimwita mwenye majivuno.

Agosti 2009 Florence Acan, afisa mauzo wetu na mjane wa sajini wa polisi, alileta saluni ya rangi ya fedha na kreti zake mbili. Alikuwa analitaka gari lile kwa nguvu zote, maana alikuwa akipita kwa wateja kuanzia Owino hadi Luzira kwa bodaboda, akiwa na sampuli mapajani. Gari lilitoka kwa shemeji ya Bwana Cleopas, aliyekuwa mkuu wa idara yetu wakati huo. Otema akavuta mkanda wa nyuma. Tope. Akafungua nyaya chini ya dashibodi, akakuta shaba imegeuka kijani. Akamwambia Bwana Cleopas mbele yangu, "Hii gari ilikunywa maji. Siku moja itazima yote pamoja. Mimi siweki jina yangu." Kesho yake alihamishiwa ghala la Luzira kuhesabu makreti, bila barua na bila sababu. Na Florence? Florence aliambiwa ukaguzi unaendelea.

Muhuri wa mkaguzi, wenye jina la Otema, ulibaki kwenye droo. Ufunguo wa droo nilikuwa nao mimi, Khaemba wa Bungoma, ng'ambo ya mpaka, ninayeandika haya. Bwana Cleopas aliniita, akanitazama kwa upole wa kuchukiza. "Kibali yako ya kazi inaisha mwezi ujao, si ndiyo? Na mimi ndiyo naandika barua." Rosebella, mke wangu, alikuwa na mimba ya miezi saba. Naliandika hilo lijulikane tu. Wanaume wengi wenye wake wajawazito hawakupiga muhuri ule. Mimi niliupiga.

Wiki saba baadaye, Florence akiteremka kuelekea Port Bell mvua ikinyesha, gari lilizima lote kwa pamoja: injini, taa, kila kitu. Usukani ukawa mzito, breki zikagoma kushuka. Aligonga ukuta wa mawe. Mguu wake wa kulia ulivunjika mara mbili, na tangu siku hiyo anatembea kwa fimbo na hajashika tena usukani.

Kamati ya kuchunguza ajali ilipokaa, ilimwonyesha Otema fomu ya ukaguzi. Alitazama muhuri, kisha akanitazama mimi niliyesimama mlangoni na makabrasha, nikijifanya samani. Alisema, "Muhuri ni yangu," akairudisha fomu mezani. Jioni ile nilimfuata ghalani Luzira. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kujitetea. Hakuyasikiliza. Aliuliza Rosebella anajifungua lini. Nikasema mwezi huu. "Basi rudi nyumbani ulee mtoto. Wakikufukuza leo, mtazaa kwa basi ya Malaba, mpakani. Lakini usikague gari ya mtu mpaka ujue kukataa." Travis wangu ana miaka tisa sasa. Wakati anajifunza kutembea, Otema alikuwa anahesabu makreti kwa ajili yake.

Alikaa ghalani miaka mitatu. Alirudishwa Bwana Cleopas alipoondoka, kwa sababu magari yaliyopitishwa bila yeye yalikuwa yamejaa uani yakiota majani. Hakuna aliyemwomba radhi. Badala yake mlimtania. Kila gari lilipoharibika mtu alisema hata Otema naye hupitisha mabovu, mkacheka, nami nikacheka pamoja nanyi nikiwa na soda mkononi. Miaka kumi, wenzangu. Nimewadharau wapiga tairi teke katika ukurasa huu wote, lakini wao walidanganywa. Mimi nililiona tope kwa macho yangu.

Kwa hiyo iandikwe hapa, katika jarida la kampuni, chini ya jina langu: Mzee Otema hakulipitisha gari la Florence Acan. Alilikataa waziwazi, akaadhibiwa kwa kulikataa, kisha akabeba lawama ya kulipitisha. Aliyelipitisha ni mimi. Uongozi una nakala ya maneno haya tangu Jumatatu, na nafasi ya mkaguzi mkuu niliyokuwa nimeahidiwa nimeiandikia barua ya kuikataa. Angalau hilo moja nimejua kulikataa.

Kabla ya kuandika nilikwenda Ntinda kwa Florence, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kiti. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Tangu arudi kutoka ghalani nilikuwa nikikutana na mzee yule kwenye ngazi, nageuza uso. Na yeye kila siku ananisalimia, ananishikia mlango." Alilia, si kwa ajili ya mguu. Mimi hakunisamehe, na sikustahili.

Mzee Otema, kampuni inakushukuru kwa watu wote wanaofika nyumbani salama bila kujua kwamba ni kwa sababu yako. Mke wako Concy amesema shamba la Kitgum linakungoja na trekta moja ambalo hataki ulikague. Ulime kwa amani, ulale hadi jua lichomoze, na afya ikae nawe miaka mingi.

Ila kwanza usipande basi la Jumamosi. Florence amenituma niliweke hili mwishoni, ili ulisome mbele yetu sote. Anataka kuendesha tena. Ameona saluni ndogo ya kijani kwenye yadi moja Ntinda, hajaleta soda kwa mtu yeyote, na hatalipa hata senti mpaka wewe uiguse. Atakungoja pale Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla muuzaji hajafika.