Mbuzi Hawajasoma Uchumi

Kwenye basi la Kyuso, Muthoki alijifanya amelala ili asikie vizuri. Kwenye kiti cha mbele yake, mwalimu Muindi alikuwa akimfundisha Ruqiya, mchuuzi wa mbuzi. "Mama, bei ikipanda, watu huleta mbuzi wengi sokoni. Hiyo ni sheria ya uchumi."

"Mwalimu, bei ikipanda mfugaji anauza mmoja, karo inatosha, anarudi nyumbani. Ikianguka anauza watatu, soko linajaa! Kwani wewe ndengu zako za shambani uliuza lini?"

"Januari, shule zikifunguliwa."

"Na bei?"

"Mbaya sana."

Muthoki, ambaye bado alikuwa amelala, akacheka.

Basi likasimama. Mwalimu akabeba mkoba wake. "Lakini mwanafunzi akiniandikia hivyo kwenye mtihani," akasema akishuka, "nampa sufuri."