Siku Kiwanja Kilipozungushiwa Mabati

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, nje ya kibanda changu cha kuchonga funguo, na linatazamana na maktaba ya mtaa, ng'ambo ya barabara. Jua likishapinda, watu wangu hujileta wenyewe. Kuna Breki, dereva wa teksi, aliyeitwa hivyo kwa sababu akianza neno hulikata katikati akarukia jingine. Kuna Rula, seremala mstaafu, penseli ingali nyuma ya sikio ingawa hana tena cha kupima. Kuna Mama Nyuzi, ambaye cherehani yake iko mlangoni mwa duka la pili, kwa hiyo hushiriki mazungumzo bila kuinua macho. Na kuna muuza kahawa. Alioa mtaani humu, basi mpaka watoto wa kunyonya wanamwita Shemeji. Siku ninayoisimulia shule zilikuwa zimefungwa na joto limeshika, msimu ambao kwa kawaida benchi zima hunguruma kwa vicheko. Siku hiyo vikombe vilikuwa vinapoa mikononi. Asubuhi malori ya jiji yalikuja, na kabla ya adhuhuri kiwanja cha nyuma ya maktaba kilikuwa kimezungushiwa mabati.

— Nimepita pale na abiria, alisema Breki. Mabati mapya, yanang'aa hadi yanachoma macho. Na mlinzi pia! Kiwanja chetu kina mlinzi, jamani. Nikamshushia kioo, nikamwambia wewe... basi tu.

— Ulimwambia nini? aliuliza Shemeji.

— Nilimuuliza nani kamweka hapo. Akasema, "Jiji." Nikamwambia jiji ndio sisi. Akacheka, bwana. Alicheka vizuri tu, kama mtu aliyetaniwa.

Lazima nieleze kiwanja kile kilikuwa nini. Kila kiangazi kilikuwa mali ya Dada Kipaza, afisa wa huduma za jamii mwenye ofisi humo maktabani, mwanamke mwembamba aliyening'iniza kipaza sauti begani kama wenzake wanavyobeba mkoba. Likizo ikianza alileta bwawa la plastiki la watoto. Aliwabembeleza wazima moto mpaka walete gari lao na kuwamwagia watoto maji mchana kutwa. Jioni aliwamba shuka jeupe ukutani, shuka alilolishona Mama Nyuzi, tukatazama picha tumekaa chini. Na siku ya mwisho ilikuwa ya kuvuta kamba, mtaa wa juu na mtaa wa chini, watu wazima na vitambi vyao.

Mwamuzi wa kamba alikuwa mke wa Rula. Kiharusi kilimchukua mguu na mkono wa kushoto, na tangu hapo hatoki ndani. Siku ya kamba tu ndipo tulipombeba, kiti na yeye, mpaka katikati ya kiwanja. Filimbi ikiingia mdomoni mwake, hakuna mwanamume aliyethubutu kuvuta kabla ya wakati. Mwaka juzi alimtoa mumewe nje kwa kuchimba kisigino ardhini, na watu walicheka mpaka wakagaagaa chini.

— Wanajenga maegesho ya magari, alisema Breki.

— Maegesho yawekewe mlinzi kabla ya gari? alisema Mama Nyuzi. Mteja wangu kaniambia ni hoteli. Ghorofa mpaka mawinguni.

— Udongo ule haubebi ghorofa, alisema Rula. Ni laini. Pale hawapandi juu, wanashuka. Ni treni ya chini kwa chini. Wahenga walishasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Mzee wangu, hiyo methali haihusu treni, alisema Mama Nyuzi.

— Mvunguni ni wapi? Si chini?

— Treni ipite wapi, alisema Shemeji, mji ambao bomba likipasuka tunaoga barabarani mwezi mzima? Mimi nawaambia pale kuna mafuta. Mbona nyasi za pale hazikauki kiangazi?

— Hazikauki kwa sababu hilo bomba linavujia pale, nilisema.

— Ndivyo wanavyotaka uamini!

Breki akashusha kikombe.

— Nyote mmekosea. Wanafuta kiangazi. Ndiyo, kiangazi chenyewe! Joto likizidi, watu wanatoka nje. Wakitoka, wanakutana. Wakikutana, wanaulizana: mbona taa za barabarani haziwaki, mbona gari la taka... basi, jiji limekaa kikao likaona dawa ni kufuta mahali pa kukutana. Mwakani wanafuta joto lenyewe.

— Joto linafutwaje, wewe? aliuliza Shemeji.

— Wanalitoza kodi. Utaona litakavyokimbia.

Tulicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Rula hakucheka kabisa. Alitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha.

— Leo asubuhi kaniuliza kamba ni lini, alisema. Mama watoto. Kasema mwaka huu avae gauni la buluu.

Hakuna aliyehitaji kuuliza amemjibu nini, lakini Shemeji akauliza.

— Nilimwambia chai inachemka, nikaenda jikoni. Sikuwa nimebandika chai.

Cherehani ikanyamaza. Mama Nyuzi akageuka na kiti chake.

— Tuache kujifanya hatujui, alisema. Dada Kipaza alikuja hapa. Ilikuwa bado mvua. Alitandaza ramani ya jiji juu ya benchi hili, tukaishikilia kwa vikombe isipeperuke. Alituonyesha kwa kidole: hapa ndipo kiwanja, na hii rangi ya kijivu ni magari.

— Basi ni maegesho, si nilisema? Breki alianza, kisha akaona uso wa Mama Nyuzi, akakata.

— Alisema kutakuwa na mkutano, wakazi waje waseme. "Hata mkiwa hamna la kusema," alituambia, "njooni mkae tu, viti vionekane vina watu." Wewe Breki ulimwuliza kama kutakuwa na soda.

— Nilikuwa natania.

— Mzee wangu Rula, ulisema mikutano ni ya wenye suti. Ukaongeza simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Nilisema, alikubali Rula taratibu.

— Mimi nilisema nina sare za shule za kumaliza. Na kweli nilikuwa nazo. Lakini sare zingengoja.

Shemeji na mimi tuliangalia chini, maana tulikuwa tumecheka kuliko wote.

Tulikuwa katika hali hiyo Dada Kipaza alipotokea mlango wa maktaba, amekumbatia katoni. Begani hakuwa na kitu. Alivuka barabara moja kwa moja hadi kwetu.

— Nisogezeeni, alisema. Leo na mimi nikae.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba miaka yote hiyo hatukuwahi kumwona ameketi. Shemeji alimmiminia kahawa kwa mikono miwili.

— Wamenihamishia kitengo cha leseni, alisema. Nitagonga mihuri. Si kazi mbaya, ina feni.

— Dada yangu, alisema Breki, tumesikia kwamba... sisi tulikuwa...

— Najua, kaka. Kunywa kahawa yako.

— Mkutano ulikwendaje? aliuliza Mama Nyuzi. Tuambie tu.

Dada Kipaza alipuliza kahawa.

— Ulikuwa ukumbi wa maktaba, hapo juu, penye dirisha la kona. Nilipanga viti mwenyewe. Walikuja mabwana wa mipango miji, mwenyekiti na mpiga picha. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Aliangalia viti, akaniuliza, "Wakazi wako wapi?" Nikamwambia wanakuja. Akangoja. Nikamwomba angoje tena, akangoja. Dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Akasema, "Hao wanaocheka ni akina nani?" Nikasema sijui.

Shemeji aliweka birika chini.

— Nilikuwa nawasikia, aliendelea, wala sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililotuumiza. Breki alikuwa anasimulia kisa cha abiria aliyebeba mbuzi. Kisa chenyewe kitamu. Ningekuwa sina kazi ningeshuka nisikilize. Basi akaandika kwamba hakuna pingamizi, akafunga mkutano.

— Tungepiga kelele zile zile mle ndani, alisema Shemeji kwa sauti ndogo.

— Zingetosha.

Rula alijisogeza mpaka karibu yake.

— Mwanangu, nina ombi. Nenda ukamwambie mke wangu. Mimi sina mdomo wa kumwambia. Wewe anakupenda.

— Nimetoka kwake sasa hivi, mzee wangu. Nilipita kwake nikaja kubeba vitu vyangu. Nilianza kwake kwa makusudi.

— Kasemaje?

— Alilia kidogo. Halafu akanirudishia filimbi, akasema nikipata kiwanja kingine popote nimwite, hata kama ni kubebwa kwa mkokoteni.

Alifungua kifuniko cha katoni tukaiona, imelala juu ya kamba iliyokunjwa.

— Hakuniuliza mengi, aliendelea. Aliuliza kama mume wake alikwenda mkutanoni.

Penseli ya Rula ilianguka. Hakuinama kuiokota.

— Ukamwambiaje?

— Nikamwambia ulikuwa njiani.

Alimaliza kahawa, akamshukuru Shemeji, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono, kisha akabeba katoni yake kuelekea kituo cha basi. Breki alikimbia kumfuata ampeleke na teksi. Tuliona akikataa kwa adabu. Breki akarudi polepole, ufunguo wa gari mkononi, akakaa.

Rula alikuwa ndiyo kwanza ananyanyuka kwenda nyumbani, mtu mmoja akafika benchini, mwanamume wa makamo, binti yake mdogo amembeba shingoni.

— Hamjambo wazee wangu, mama. Mimi ni mgeni, nimehamia juzi, nyumba ile ya juu ya duka la rangi. Niliambiwa mtaa huu likizo una michezo ya watoto, hata bwawa lipo. Huyu nimwandikishe wapi?

Mtoto alituangalia sote kutoka kule juu, akitafuta nani mwenye bwawa.

Ikawa Mama Nyuzi ndiye wa kumjibu, na alimjibu bila kupamba: kiwanja kimechukuliwa, yatakuwa maegesho, kulikuwa na mkutano wa wakazi kukizuia, na wakazi hawakwenda.

— Poleni sana, alisema yule mgeni. Alikuwa mtu mwenye haya. Nilimwona akitutafutia udhuru, kama mgeni mwema anavyojifanya hakuona kikombe kilichovunjika. Alimsogeza mtoto bega la pili.

— Labda waliuweka mbali, huo mkutano?

Breki alitazama dirisha la kona la maktaba, ng'ambo ya barabara. Rula alibaki amesimama, mkono mmoja ukishika ukingo wa benchi. Mama Nyuzi aliurudia mshono wake, lakini gurudumu halikuzunguka. Shemeji, kwa kukosa la kufanya, alichukua kikombe akainamisha birika ili amkaribishe mgeni, na yakatoka machicha matupu.

Yule mgeni alingoja kidogo. Akadhani hatukumsikia, akauliza tena.