Naibu wa Miaka Ishirini na Minane

Ndugu, jamaa na majirani mliokataa kutuacha peke yetu asubuhi hii: huyu tunayemsindikiza leo, nyumbani wanawe walimwita Baba, mtaani aliitwa Mwalimu, na shuleni aliitwa Naibu. Aliitwa hivyo kwa muda mrefu hata baadhi ya wanafunzi wakaamini ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1952 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, ambako baba yake alikuwa seremala. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wawili. Mdogo wake, anayewasomea wasifu huu, alifuata miaka saba baadaye, na hapo hapo akapandishwa mgongoni kwa kaka yake. Hadi uzeeni, wakibishana, kaka alimaliza ubishi kwa kusema, "Mimi nimekubeba, wewe usinijibu."

Alianza shule mwaka 1960. Mwaka 1966 majina ya waliofaulu darasa la saba yalisomwa uwanjani, na lake halikuwemo. Alirudi nyumbani akalala kifudifudi sakafuni. Baba yake seremala hakumpa pole wala hakumgombeza. Alimwekea kando kigoda kilichovunjika mguu, nyundo na misumari minne, akasema, "Ukimaliza kulia, hiki kinakusubiri. Na kama unataka kulia huku unapigilia, ruksa." Alipigilia huku analia. Mwaka uliofuata alirudia darasa akafaulu, akaendelea na sekondari, na mwaka 1974 alihitimu chuo cha ualimu katika somo la hisabati, somo lile lile lililomwangusha.

Januari 1975 aliripoti katika shule ya msingi ya kando ya soko, na hakufundisha kwingine tena. Mwaka 1984 akawa naibu wa mwalimu mkuu. Aliomba ukuu wa shule hiyo mwaka 1988, akakosa. Akaomba 1992, akakosa. Akaomba 1997, akakosa tena. Mara ya kwanza kamati ilimwambia bado kijana, mara ya tatu ikamwambia umri umekwenda. Mwenyewe alisema kwamba katikati hapo lazima ilikuwepo Jumanne moja ambayo umri wake ulikuwa sawasawa, ila siku hiyo kamati haikukutana.

Msidhani hakuumia. Kila alipokosa, kesho yake alikuja kazini na nyundo kwenye mfuko wa turubai, na jioni baada ya vipindi alitengeneza madawati mabovu ya shule. Mwaka 1988 alitengeneza kumi na mawili, 1992 kumi na tisa, 1997 ishirini na sita. Walimu wakisikia nyundo walijua barua imefika, na hakuna aliyemsogelea hadi mlio unyamaze. Baadaye alinawa mikono na kumpokea mkuu mpya kwa heshima zote, akimwonyesha bomba linalovuja na mlango unaotaka kuinuliwa kidogo ndipo ufungike. Mpishi wa shule aliwahi kusema, "Wamnyime mara moja tu zaidi, watoto wote watakaa vizuri."

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na mkutubi wa maktaba ya mji, aliyemkemea kwa kuchelewesha kitabu kimoja miezi mitatu. Mkewe, Mama kwetu sote, anasema alimkubali siku basi lilipowaacha kituoni mvua ikinyesha. Wenzao wote walitukana. Yeye alilipungia basi mkono, akasema, "Safari njema," akamgeukia: "Haya mama, miguu tunayo." Walijaliwa watoto watatu. Mama anaongeza kwamba mtu huyo huyo alinuna siku mbili timu yake ilipofungwa kwa penalti, kwa hiyo tusimfanye malaika.

Sasa tufike Ijumaa tarehe 19 Oktoba 2001. Nafasi ya ukuu ilikuwa wazi tena, na safari hiyo ndugu wote wawili waliomba, mdogo akiwa anafundisha shule nyingine, kilomita tatu kutoka pale. Bahasha ililetwa shuleni kwa Naibu ikiwa na jina la baba na la babu tu, majina ambayo wote wawili wanayatumia. Aliifungua mbele ya walimu. Akaona neno "umeteuliwa". Walimu walimnyanyua juu, wanafunzi wakatoka madarasani wakiimba, mpishi akalia. Saa nzima hivyo. Ndipo akaketi kuisoma barua mpaka mwisho, akaiona tarehe ya kuzaliwa. Haikuwa yake.

Aliinuka, akawaambia walimu mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, "Jamani, tumekosea mtu. Mkuu wenu ni mdogo wangu, na ni mwalimu mzuri." Kisha akatembea kilomita zile tatu kwa miguu, juani, akamkuta mdogo wake darasani ameshika chaki. "Nimekuletea barua yako," akasema. "Samahani, nimeifungua."

Walifanya kazi pamoja miaka kumi na moja. Shuleni, mdogo alipoingia ofisini, kaka alisimama na kumwita Mkuu. Nyumbani alimtuma maji ya kunywa kama kawaida. Lakini nyundo haikusikika. Mdogo aliingoja wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, mwaka mzima. Akahofu kwamba maumivu haya yalikuwa makubwa kuliko nyundo, na kwamba heshima yote ile ya ofisini ilikuwa ukuta. Hofu hiyo ilikaa naye hata baada ya Naibu kustaafu mwaka 2012. Hakuthubutu kuuliza.

Februari 2023 madaktari waligundua kwamba moyo wa marehemu umetanuka, na kwamba hautapona. Aliomba kuachwa peke yake kidogo, kisha akamwita binti yake mkubwa, fundi umeme, wakarekebishe swichi ya jikoni. Mdogo wake alipojaribu hatimaye kumwuliza habari za mwaka ule wa barua, alimjibu, "Umekuja kuniuguza au kunihoji?" Alifariki nyumbani Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkewe akimsomea gazeti.

Juzi, tukitafuta picha ya kuweka kwenye ratiba hii, mdogo alimwuliza shemeji yake swali lile, mbona safari ile nyundo haikusikika. Mama alishangaa. "Kwani hujui? Kuanzia Novemba ile mpaka Machi, kila Jumamosi alikwenda shule ya ng'ambo ya reli. Alitengeneza madawati sitini na matatu."

"Kwa nini kule?"

"Alisema, 'Yule mtoto akinisikia, hatakikalia kile kiti kwa raha.'"

Jana mdogo alikwenda kuyaona. Mengi bado yapo, yamechorwa majina ya watoto walioyakalia kwa miaka ishirini na zaidi, na yanakaliwa hadi leo. Mtu mzima wa miaka sitini na tano alijibana kwenye dawati la mtoto, akapapasa vichwa vya misumari kimoja kimoja. Amefundisha watu wengi, amesikia hotuba nyingi juu ya ubora wa binadamu, na hajui mtu anapata wapi nguvu ya kuumia kiasi kile na bado akatembea hadi ng'ambo ya reli ili mwenzake asisikie.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, wanafunzi wasiohesabika, na mdogo mmoja ambaye kwa miaka ishirini na tatu hakuwahi kumwambia neno moja lililokuwa wazi kabisa.

Asante, kaka. Nilikikalia kwa raha.

Pumzika sasa, na amani ikae nawe.